Nani anafaa kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito: jinsi ya kumpima na kuamua

Wengi huanza kwa kuuliza kilo ngapi. Ni swali halali, ila jibu lake peke yake halitoshi kumpeleka mtu chumba cha upasuaji, wala kumzuia. Watu wawili wenye BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 41 wanaweza kuingia kliniki siku moja, mmoja akaonekana yuko tayari na mwingine asifae kabisa. Kinachowatofautisha ni mambo matatu: unene umeshamharibia nini mwilini, mwili wake utahimili vipi nusukaputi na kisu, na kama ataweza kuishi na tumbo dogo, vidonge vya kila siku na miadi ya kliniki hadi mwisho wa maisha yake.

Hatua hizi ameandikiwa daktari, muuguzi au mtaalamu wa lishe anayempima mgonjwa kabla ya kumkabidhi kwa mpasuaji. Mgonjwa naye akizisoma atajua ataulizwa nini na kwa sababu gani.

Hatua ya 1: Mpime mwenyewe

Usiandike uzito na urefu kwa kusimuliwa. Watu hujiongezea sentimita na kujipunguzia kilo bila hila yoyote. Mvue viatu, koti na vitu vya mfukoni. Hakikisha mizani inambeba: nyingi za kawaida hukomea kilo 150, na zikizidishiwa hapo hutoa namba ya uongo au hazitoi kitu. Urefu upimwe ukutani, visigino vikiwa vimeshikana na ukuta, macho yakitazama mbele.

BMI ni uzito kwa kilo, ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 105 mwenye urefu wa mita 1.75 ana BMI ya 34.3. Ukikosea ukaandika mita 1.72, inakuwa 35.5. Sentimita 3 tu zimemvusha mpaka unaotumika kuamua nani apasuliwe.

Namba hii ina upofu wake. Haitofautishi misuli na mafuta. Haijui maji yaliyojaa mwilini kwa sababu ya moyo au figo, kwa hiyo bonyeza muundi kwa kidole uone kama shimo linabaki. Mzee aliyepinda mgongo naye BMI yake hupanda bila yeye kunenepa, kwa kuwa amefupika. Kwa wenye BMI ya chini ya 35 ongeza kipimo cha kiuno, katikati ya ubavu wa mwisho na ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, mgonjwa akiwa ametoa pumzi. Kiuno kikizidi nusu ya urefu wake, mafuta yamejaa ndani ya tumbo kuzunguka ini na utumbo, na hayo ndiyo yenye madhara makubwa. Juu ya 35 karibu kila mtu atazidi kiwango hicho; usijisumbue.

Hatua ya 2: Linganisha na vigezo, ukijua ni vya mwaka gani

Kigezo cha zamani kilitolewa Marekani mwaka 1991: BMI ya 40 au zaidi, au 35 na kuendelea kwa mwenye ugonjwa mkubwa uliotokana na unene. Mwaka 2022 vyama viwili vya wapasuaji wa fani hii, ASMBS cha Marekani na IFSO cha kimataifa, vilikibadilisha. Sasa BMI ya 35 inatosha hata kama mtu hana ugonjwa mwingine. Kati ya 30 na 34.9 upasuaji hufikiriwa kwa mwenye kisukari aina ya 2 au maradhi mengine ya namna hiyo, na kwa aliyejaribu njia zisizo za kisu bila mafanikio ya kudumu. Kwa watu wenye asili ya Asia mpaka umeshushwa hadi 27.5, maana kisukari na maradhi ya moyo huwapata wakiwa na uzito mdogo zaidi.

Bima nyingi na hospitali nyingi bado zinashikilia kigezo cha 1991. Mgonjwa mwenye BMI ya 36 asiye na ugonjwa mwingine anaweza kukubaliwa na daktari na kukataliwa na mlipaji. Mwambie mapema.

Umri hauna ukomo wa juu. Unachotafuta kwa mzee ni udhaifu wa mwili: anatembea polepole kiasi gani, anainuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono, ameanguka mara ngapi. Mtu wa miaka 70 mwenye misuli imara ni mgonjwa mzuri kuliko wa miaka 52 asiyeweza kupanda ngazi. Watoto na vijana hupimwa kwa chati za ukuaji, na uamuzi wao ni wa timu ya watoto.

Kuhusu kujaribu njia nyingine kwanza: muulize alichofanya, kwa muda gani, alipungua kilo ngapi na zilirudi lini. Lengo si kumpa adhabu. Kumlazimisha apunguze kilo kadhaa ili athibitishe nia hakuna msingi wa kitabibu, na kunamchelewesha mtu ambaye kisukari chake kinaendelea kumla. Uliza pia kama amewahi kutumia sindano za kupunguza uzito za semaglutidi au tirzepatidi. Kwa mwenye BMI ya 32, kuanza na dawa mara nyingi ndiyo busara. Kwa mwenye 52, dawa peke yake kwa kawaida haitamfikisha anakohitaji kufika, ingawa inaweza kumtayarisha kwa upasuaji.

Hatua ya 3: Hakikisha unene hauna chanzo kingine

Kagua orodha yote ya dawa. Zinazonenepesha ni pamoja na prednisoloni na steroidi nyingine, olanzapini, klozapini, valproati, amitriptilini, mirtazapini, pregabalini, insulini, vidonge vya kisukari vya kundi la glibenklamidi, na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Mara nyingine kubadilisha dawa moja kwa makubaliano na daktari aliyeiandika kunaleta nafuu kubwa. Usimwachishe dawa ya akili au ya kifafa kwa sababu ya kilo.

Pima homoni ya TSH, inayoonyesha kazi ya tezi ya shingo. Tezi ya shingo iliyolegea huongeza kilo chache tu, haielezi kilo 50, lakini ni lazima itibiwe kabla ya nusukaputi. Tafuta dalili za homoni ya kotisoli kuzidi: michirizi ya zambarau yenye upana wa zaidi ya sentimita 1, ngozi inayovilia damu kwa kuguswa kidogo, misuli ya mapaja iliyonyong'onyea, uso wa mviringo. Ukiziona, mpe miligramu 1 ya deksamethasoni usiku na upime kotisoli asubuhi. Ukimpasua mgonjwa huyu bila kugundua, umekata tumbo lisilo na ugonjwa na kuuacha uvimbe unaozidisha homoni mahali pake.

Hatua ya 4: Andika madhara yaliyokwisha kutokea

Ukifika hapa, acha namba ya uzito pembeni. Upo mpangilio wa Edmonton unaogawa wagonjwa kwa madaraja, kuanzia 0 (unene usio na madhara yoyote) hadi 4 (madhara ya mwisho kabisa). Faida yake ni kwamba unatanguliza mwenye madhara, si mwenye kilo nyingi. Daraja la 2 na la 3 ndilo linalonufaika zaidi: ugonjwa upo, lakini mwili bado una nguvu ya kupona. Wa daraja la 4 mara nyingi amechelewa, na hatari kwake inaweza kuzidi faida.

Kisukari ndicho cha kuchimbua zaidi. Andika mwaka kilipogunduliwa, dawa zote, kama anatumia insulini, na HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari ya miezi 3 hivi) ya karibuni. Aliyekaa nacho chini ya miaka 5 bila insulini ana nafasi nzuri ya sukari kurudi kawaida bila dawa. Aliyekaa nacho miaka 15 na anajichoma insulini mara nne kwa siku atapata nafuu, pengine dozi itapungua sana, lakini usimwahidi kupona. Ukiwa na shaka, pima C-peptidi, inayoonyesha kongosho linatoa insulini kiasi gani: ikiwa chini sana, kongosho limechoka, au kumbe ni kisukari aina ya 1 kilichoitwa aina ya 2 kwa makosa. Hilo hutokea kuliko inavyodhaniwa, na mtu huyo akiachishwa insulini baada ya upasuaji anaweza kufa kwa asidi kujaa damuni. Mpeleke pia akapimwe macho kabla, kwa kuwa sukari ikishuka ghafla retina iliyokwisha kuathirika inaweza kuharibika zaidi kwa muda.

Usingizi nao husahaulika. Tumia maswali manane ya STOP-BANG: anakoroma kwa sauti, anachoka mchana, kuna aliyemwona akikatika pumzi usingizini, ana shinikizo la juu la damu, BMI imezidi 35, umri umezidi 50, shingo imezidi sentimita 40, ni mwanamume. Kila "ndiyo" ni alama 1. Alama 3 au 4 ni hatari ya kati, 5 na zaidi ni kubwa, na huyo apimwe usingizi na aanze kutumia mashine ya kusukuma hewa usiku kabla ya upasuaji. Mwite mwenzi wake ajibu swali la tatu. Mgonjwa mwenyewe hajui.

Kwa ini, kokotoa FIB-4, namba inayokadiria kovu la ini kwa kutumia vimeng'enya vyake AST na ALT: umri mara AST, gawanya kwa chembe sahani mara kipeuo cha pili cha ALT. Chini ya 1.3 uwezekano wa kovu kubwa ni mdogo. Juu ya hapo mpeleke akapimwe ugumu wa ini. Ini lenye mafuta ni sababu ya kupasua. Ini lililosinyaa, lenye mishipa iliyovimba kwenye umio, kwa kawaida ni sababu ya kuacha.

Magoti, utasa unaoambatana na hedhi kuvurugika, shinikizo la damu na mafuta ya damu andika pia, kwa ufupi. Maumivu ya kichwa yanayoambatana na ukungu wa macho yasikupite: shinikizo la majimaji ya ubongo linalotokana na unene linaweza kupofusha, na kupungua uzito ni mojawapo ya tiba zake.

Hatua ya 5: Pima hatari ya kisu

Katika hospitali zenye uzoefu, vifo ndani ya siku 30 ni takriban 1 kwa kila upasuaji 1,000, karibu sawa na kutoa mfuko wa nyongo. Lakini wastani haumhusu mgonjwa aliye mbele yako. Mpe alama 1 kwa kila moja ya haya: BMI ya 50 au zaidi, mwanamume, shinikizo la juu la damu, umri wa miaka 45 na kuendelea, na hatari ya donge la damu (amewahi kuganda damu mguuni au kwenye pafu, au ana shinikizo la juu la mishipa ya mapafu). Alama 0 hadi 1 ni hatari ndogo, 2 hadi 3 ya kati, 4 hadi 5 kubwa. Hatari kubwa haimaanishi hapana. Inamaanisha apelekwe hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi na timu iliyozoea.

Muulize kama anapanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama. Asiyeweza, chunguza kama kinachomzuia ni goti, pafu au moyo. Maumivu ya kifua yasiyotulia, mshtuko wa moyo wa karibuni na moyo uliochoka sana humsimamisha mgonjwa hadi daktari wa moyo aseme neno.

Sigara inastahili msimamo. Anayevuta leo hafai leo. Nikotini hubana mishipa ya damu, mshono haupati damu ya kutosha, unachelewa kupona na unaweza kuvuja. Baada ya baipasi (upasuaji unaounganisha kifuko kidogo cha tumbo moja kwa moja na utumbo mwembamba), anayeendelea kuvuta yuko karibu na kidonda pale utumbo ulipounganishwa, na kidonda hicho hutoboka. Angalau wiki 6 bila sigara kabla ya upasuaji, ikiwezekana miezi 3, na ithibitishwe kwa kipimo cha kotinini, mabaki ya nikotini mwilini. Shisha, tumbaku ya kutafuna na sigara za umeme zihesabiwe humo humo.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni visimamishwe wiki kadhaa kabla kwa sababu ya kuganda damu. Kuvisimamisha bila kumpa njia nyingine ni kumwalika mimba.

Hatua ya 6: Kula, akili na pombe

Sehemu hii ndiyo inayofanywa kwa haraka kuliko zote, na ndiyo inayoeleza kwa nini baadhi ya watu hurudisha kilo zote. Usimwulize "unakula vizuri?" Kila mtu atasema ndiyo. Mwambie akusimulie jana yake yote, tangu alipoamka: alikula nini, saa ngapi, akiwa wapi, pamoja na nani, na alikunywa nini. Vinywaji vitamu husahaulika, na vinapita kwenye tumbo dogo bila kizuizi.

Kisha uliza wazi, bila uso wa hukumu: kuna siku unakula chakula kingi sana kwa muda mfupi na kuhisi huwezi kujizuia? Ikitokea angalau mara 1 kwa wiki kwa miezi 3, huo ni ugonjwa wa kula kwa pupa. Haumfungii mtu mlango, lakini atibiwe kwanza na awe na mshauri wa kumfuatilia baadaye. Upasuaji unabana kiasi. Haugusi huzuni, upweke au hasira inayomsukuma kula, na mtu wa namna hii hujifunza kula kidogo kidogo siku nzima. Anayejitapisha baada ya kula, hapana mpaka atibiwe apone: kutapika na mshono mpya havikai pamoja, na upungufu wa thiamini (vitamini B1) utokanao na kutapika unaweza kuharibu ubongo kwa wiki chache tu.

Sonona iliyotulia kwa dawa si kikwazo, wala skizofrenia iliyodhibitiwa vizuri si kikwazo cha moja kwa moja. Kikwazo ni ugonjwa wa akili usiotibiwa, au hali inayomfanya mtu asiweze kuelewa anachokubali. Aliyewahi kujaribu kujiua lazima awe na mpango wa ufuatiliaji ulioandikwa na daktari wa akili, kwa sababu kujidhuru kumeonekana kuongezeka kwa baadhi ya wagonjwa baada ya upasuaji. Wanaotumia lithiamu wafuatiliwe kwa vipimo vya damu: mwili ukipungukiwa maji na uzito ukishuka, kiwango chake hupanda hadi kuwa sumu.

Pombe uliza kwa kiasi: chupa ngapi, siku ngapi kwa wiki, na mara ya mwisho kushindwa kuacha ilikuwa lini. Baada ya baipasi pombe huingia damuni haraka na kufika juu zaidi. Wapo walioingia wakiwa wanywaji wa kawaida na tatizo likaanza mwaka wa pili baada ya upasuaji, wakati kila mtu ameacha kuwauliza. Anayeitegemea pombe sasa hafai sasa.

Hatua ya 7: Vipimo kabla ya kumpeleka

Damu kamili, ferritini (akiba ya madini ya chuma), vitamini B12, foleti, vitamini D, kalsiamu, figo, ini, sukari na HbA1c, mafuta ya damu, na kipimo cha mimba kwa anayeweza kuipata. Mtu mnene si lazima awe ameshiba virutubisho. Upungufu wa madini ya chuma na vitamini D ni wa kawaida sana kwake, na usipojazwa kabla, utazidi baada ya upasuaji. Mwanamke mwenye hedhi nzito na ferritini ya chini ajaziwe chuma kwanza.

Kamera ya tumbo ni ya lazima kwa mwenye kiungulia, maumivu ya chembe, shida ya kumeza au upungufu wa damu. Hospitali nyingi humfanyia kila mtu. Tafuta bakteria wa H. pylori na umtibu, kisha hakikisha ametoka. Baada ya baipasi sehemu kubwa ya tumbo haifikiki kwa kamera ya kawaida, kwa hiyo kilichomo kionekane sasa. Ultrasaundi ya mfuko wa nyongo husaidia pia, kwa kuwa vijiwe huongezeka uzito unaposhuka haraka.

Hatua ya 8: Je, anafaa kwa upasuaji upi?

Mara nyingine swali la "anafaa?" hujibika baada ya kuuliza "kwa upi?" Katika slivu, takriban robo tatu hadi asilimia 80 ya tumbo hukatwa na kutolewa, likabaki mrija mwembamba. Hakuna kurudi nyuma. Katika baipasi, kifuko cha takriban mililita 30 hutengwa sehemu ya juu na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikaruka tumbo lililobaki na mwanzo wa utumbo. Kwa wastani slivu hupunguza takriban robo ya uzito wote, na baipasi takriban asilimia 30.

Mwenye kiungulia kikali, umio uliochubuka sana au uliobadilika utando asipewe slivu: mrija huo una shinikizo kubwa ndani na huisukuma asidi juu. Huyo ni wa baipasi. Kwa upande mwingine, anayehitaji diklofenaki, ibuprofeni au naproksini kila siku kwa ajili ya viungo vyake, na hana mbadala, yuko salama zaidi na slivu, kwa kuwa dawa hizo hutoboa muunganiko wa baipasi. Mwenye ugonjwa wa Crohn (uvimbe sugu wa utumbo) pia aachwe na utumbo wake. Aliyepandikizwa kiungo, au anayetumia dawa zinazohitaji kiwango thabiti damuni kama za kifafa, mara nyingi huelekezwa kwenye slivu, kwani baipasi huvuruga ufyonzwaji, na vidonge vinavyoyeyuka polepole huenda visifanye kazi ipasavyo. Kisukari cha muda mrefu huvuta upande wa baipasi.

Mkanda wa kubana tumbo umeachwa na wapasuaji wengi kwa sababu ya kuteleza, kula ukuta wa tumbo na kulazimu upasuaji wa pili. Akiutaja kwa kuwa ndugu yake alifungiwa zamani, mweleze hivyo.

Hatua ya 9: Sikiliza anavyoeleza yeye

Ukimaliza kumfafanulia, mgeuzie: "Nieleze wewe, watakufanyia nini, na maisha yako yatakuwaje mwaka mmoja baadaye?" Asikariri maneno yako. Awe anaweza kusema kwamba atakula vijiko vichache kwa wakati, atafune sana, asinywe maji pamoja na chakula, alenge gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na ameze vidonge kila siku milele: vitamini mchanganyiko, kalsiamu sitrati miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa dozi zilizogawanywa, vitamini D, B12, na chuma kisichomezwa pamoja na kalsiamu. Mwanamke ajue kuwa mimba isubiri miezi 12 hadi 18, na kwamba uzazi wake unaweza kuamka ghafla uzito ukianza kushuka. Baada ya baipasi vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki; kitanzi au kipandikizi ni bora.

Uliza nani ataishi naye wiki mbili za kwanza. Uliza kama vidonge hivyo vinapatikana anakoishi na kama ataweza kuvinunua kila mwezi, si mara moja. Uliza atafikaje hospitali usiku akianza kutapika bila kukoma, au mapigo ya moyo yakizidi 120 kwa dakika, maana hiyo ni dalili ya awali ya mshono kuvuja na hutangulia homa na maumivu makali. Mgonjwa anayesafiri mbali kupasuliwa kisha kurudi mahali pasipo na anayemjua ana hatari kubwa kuliko BMI yake inavyoonyesha. Kama hakuna anayeweza kumpima damu kwa mwaka mzima wa kwanza, afadhali asubiri mpaka apatikane.

Sikiliza pia matarajio. Anayetaka kutembea bila kuhema, kuacha insulini au kubeba mimba ana lengo linalofikika. Anayetaka ndoa yake ipone, au anayesema "nitakuwa na mwili wa ujanani", atavunjika moyo hata akipungua kilo 50. Ngozi italegea, nywele zitapukutika kwa miezi kadhaa kisha zirudi, na kilo chache zitarejea baada ya mwaka wa pili. Na kama aliyeomba upasuaji ni mume, mama au mwajiri, mtoe huyo nje ya chumba uzungumze na mgonjwa peke yake.

Hatua ya 10: Andika uamuzi

Usiandike "apelekwe kwa mpasuaji" tu. Uamuzi una sura nne. Ndiyo: kigezo kipo, madhara yapo, hatari inakubalika, ameelewa. Ndiyo, ila baada ya jambo fulani, na jambo hilo litajwe pamoja na tarehe: wiki 6 bila sigara, HbA1c chini ya asilimia 8 hadi 8.5, mwezi mmoja na mashine ya usingizi, ferritini kupanda. Tiba nyingine kwanza: dawa, matibabu ya kula kwa pupa, uchunguzi wa homoni. Hapana kwa sasa: mimba, saratani inayoendelea kutibiwa, pombe au dawa za kulevya, ugonjwa wa akili usiotulia, ini lililofikia hatua ya mwisho, moyo usiohimili, au kutokuwa na njia yoyote ya kufuatiliwa. "Subiri" lisilo na sababu wala tarehe mgonjwa hulisikia kama hapana, na wengi hawarudi.

Wa sura ya kwanza ataanza chakula cha kalori 800 hadi 1,200 kwa siku, kwa wiki 2 hadi 4 kabla ya upasuaji. Lengo ni kulipunguza ini, ambalo upande wake wa kushoto hulala juu ya tumbo na kumziba mpasuaji. Asiyejua sababu hii hufanya karamu ya kuagana na chakula wiki ya mwisho, ini likavimba, na upasuaji ukaahirishwa akiwa mezani. Siku anayoanza chakula hicho ndiyo siku ya kupunguza insulini na vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu, la sivyo atazimia nyumbani. Dawa za kisukari za kundi la dapagliflozini zisimamishwe siku 3 hadi 4 kabla. Sindano za semaglutidi na za kundi lake huchelewesha tumbo kumwaga chakula, kwa hiyo daktari wa usingizi aambiwe.

Ikipita miezi 6 kati ya uamuzi na siku ya upasuaji, rudia uzito, damu, kipimo cha mimba na kotinini, na umuulize upya kuhusu pombe na hali ya moyo wake.